Kiti cha Mgeni Asiyefika: Waigizaji wa Ridhaa na Hadhira Zao Kutoka Shakespeare Hadi Waiting for Guffman

Utangulizi

Mwaka 1996 Christopher Guest aliongoza filamu iitwayo Waiting for Guffman, yaani Kumngoja Guffman. Filamu hiyo, aliyoibuni kwa ushirikiano na Eugene Levy, ina urefu wa dakika 84 tu, na kisa chake ni chepesi kusimulia. Wakazi wa Blaine, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Missouri, Marekani, wanaandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ili kuadhimisha miaka 150 ya mji wao. Waigizaji ni daktari wa meno, mume na mke wenye ofisi ya usafiri, msichana anayeuza aiskrimu, na mzee mstaafu ambaye kazi yake ilikuwa kukausha na kujaza ngozi za wanyama waliokufa. Yote yanasimuliwa kana kwamba ni filamu ya hali halisi: kamera inawafuata wahusika, nao wanaieleza habari zao kwa unyofu kamili.

Kazi hii ndogo imewagawanya watazamaji wake tangu ilipotolewa. Wako wanaoishutumu kuwa ni dhihaka ya wasomi wa miji mikuu dhidi ya watu wasio na hatia. Wengine, na miongoni mwao wamo wengi waliowahi kupanda majukwaa ya namna hiyo, wanaiona kuwa ni barua ya mapenzi kwa sanaa ya watu wa kawaida. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyiko huo una mizizi katika historia ndefu ya kichekesho kinachowahusu waigizaji wa ridhaa. Katika kila kipindi cha historia hiyo amekuwapo hakimu wa kuamua kama onyesho linafaa au halifai. Kilichobadilika ni mahali anapoketi. Filamu ya Guest ilimwondoa hakimu huyo ukumbini kabisa, na mzigo wake ukamwangukia mtazamaji.

Mafundi mbele ya wakubwa

Sinema haikuwa ya kwanza kuwacheka watu wa kazi za mikono wanaojaribu kuigiza. Katika A Midsummer Night's Dream, tamthilia ya Shakespeare iliyotungwa takriban mwaka 1595, mafundi wa Athens wanakutana msituni kufanya mazoezi ya kisa cha Pyramus na Thisbe ili wakionyeshe katika harusi ya mtawala Theseus. Miongoni mwao wamo mfumaji, seremala na mshonaji. Hofu yao kubwa ni kwamba hadhira itaamini kupita kiasi. Wanachelea kwamba simba atawatia mabibi kiwewe, hivyo mwenye kuigiza simba anaagizwa ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Ukuta hawana, basi mmoja wao anapakwa chokaa akawa ukuta.

Siku ya onyesho hadhira inagawanyika papo hapo. Hippolyta anauona mchezo kuwa ni upuuzi mtupu. Theseus anamjibu kwamba hata waigizaji bora ni vivuli tu, na kwamba walio hafifu huweza kukamilishwa na fikra za mtazamaji. Vijana waungwana wanakatiza maneno ya wachezaji kwa mizaha. Hata hivyo, mafundi hawanyamazi. Bottom, mfumaji, anauacha uhusika wake ili kumsahihisha mtawala kuhusu jambo la ukuta. Naye Starveling, mshonaji aliyepewa kazi ya kuwa mbalamwezi, anapochoka kukatizwa anauweka ushairi kando na kueleza kwa maneno makavu kwamba taa aliyoibeba ndiyo mwezi. Hatimaye Hippolyta yule yule anajikuta akimhurumia Pyramus.

Jambo hili linajitokeza pia katika Love's Labour's Lost, tamthilia nyingine ya Shakespeare ya miaka hiyo. Humo mwalimu Holofernes na wenzake wanajaribu kuwaigiza mashujaa wa kale mbele ya watu wa makasri, nao wanazomewa hadi mwalimu anashindwa kuendelea. Kabla ya kuondoka jukwaani anawaambia wakubwa wale kwamba tendo lao si la kiungwana. Shutuma hiyo ina uzito, kwani inatoka kwa mtu ambaye tamthilia yenyewe imekuwa ikimcheka tangu alipoingia.

Ukiitazama mifano hii miwili kwa pamoja, utaona kwamba hakimu yumo ukumbini. Anaonekana, anasikika, na anaweza kujibiwa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio London aliwaona wote wawili, anayechekwa na anayecheka, na aliweza kuwapima. Alikumbuka pia kwamba vijana wanaowakejeli mafundi ndio wale wale waliokuwa wamepumbazwa kwa dawa ya ua msituni, wakafanya vituko kuliko simba wa seremala. Kicheko cha Shakespeare kinazunguka ukumbi mzima, hakimwachi mtu.

Mji mdogo wapata jukwaa lake

Ili kuielewa Blaine, ni lazima kwanza kuurejelea utamaduni halisi ambao filamu inaufanyia mzaha. Mwaka 1905 Louis Napoleon Parker aliandaa katika mji wa Sherborne, Uingereza, onyesho kubwa la kihistoria ambalo wakazi wenyewe waliigiza habari za mji wao, kipindi baada ya kipindi. Mtindo huo ulivuka bahari upesi. Philadelphia ilikuwa na onyesho lake mwaka 1908, na katika miaka iliyofuata miji mingi ya Marekani, mikubwa kwa midogo, iliiga.

Kilele kimojawapo kilifikiwa St. Louis mwaka 1914, mji huo ulipotimiza miaka 150. Percy MacKaye na Thomas Wood Stevens waliandika kazi mbili zilizoonyeshwa pamoja katika bustani ya Forest Park, na wakazi wapatao 7,500 walishiriki. Viongozi wa mji walikuwa na shabaha iliyo wazi: walitaka wakazi waliotengana kwa tabaka na asili wajione kuwa kitu kimoja, kisha waikubali katiba mpya ya mji iliyokuwa ikipigiwa kura. Katiba hiyo ilipitishwa muda mfupi baada ya onyesho. St. Louis imo Missouri, kama Blaine ya kubuni, na idadi ya miaka iliyoadhimishwa ni ile ile. Kwa mkabala huu, mchezo wa Blaine hautokani na wazimu wa mtu mmoja. Ni mjukuu wa sanaa iliyopata kuheshimiwa na kutegemewa katika siasa.

Sanaa hiyo iligeuka biashara pia. Kampuni ya John B. Rogers, iliyokuwa na makao yake Fostoria, Ohio, iliiuzia miji midogo maonyesho yaliyokuwa tayari. Kampuni ilimtuma mwongozaji pamoja na maleba, naye akajaza majina ya waasisi wa mahali hapo katika mfumo uliokwisha kuandaliwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba miji iliyokusudia kutangaza upekee wake iliutangaza kwa namna moja.

Sambamba na hayo, mwaka 1912 Maurice Browne na mkewe, Ellen Van Volkenburg, walianzisha ukumbi mdogo wa maonyesho Chicago, na katika mwaka huo huo ukumbi wa aina hiyo ulifunguliwa Boston. Harakati hizo za kumbi ndogo zilisimamia wazo kwamba watu wasiolipwa wanaweza kuitendea sanaa haki kuliko wafanyabiashara wa Broadway. Jina la kumbi hizo lilifika mbali. Huko Mombasa klabu ya wazungu wapenda maigizo nayo ilijiita kwa jina hilo.

Tashtiti haikukawia. Katika Main Street, riwaya ya Sinclair Lewis ya mwaka 1920, Carol Kennicott anaolewa na daktari wa Gopher Prairie, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Minnesota. Anajaribu kuuamsha mji kwa kuunda kikundi cha maigizo. Anatamani tamthilia za fikra, lakini wenzake wanachagua mchezo mwepesi wa kuchekesha. Usiku wa onyesho Carol anaona wazi kwamba wameshindwa, wakati majirani wanapiga makofi kwa adabu. Miaka miwili baadaye, 1922, Broadway ilionyesha The Torch-Bearers ya George Kelly, inayomhusu mume anayerudi kutoka safarini akamkuta mkewe amejitosa katika kikundi cha mabibi wanaojidhania kuwa walinzi wa mwenge wa sanaa. Kelly aliwachukua watazamaji hadi nyuma ya pazia, wakaona mambo yanavyokwenda mrama upande usioonekana.

Hapa hakimu amehama. Hayumo tena katika kiti cha enzi. Amekuwa jirani mwenye macho ya mjini, kama Carol, au mume nyumbani, kama katika tamthilia ya Kelly. Bado anafahamika kwa jina na ana lake la kupoteza. Carol akiwahukumu wenzake anajihukumu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza mchezo ulioshindwa.

Filamu inayojifanya kweli

Mbinu aliyoitumia Guest ina historia yake. Tarehe 1 Aprili 1957 shirika la BBC lilitangaza katika kipindi chake cha Panorama habari za familia moja ya Uswisi iliyokuwa ikichuma tambi mitini. Sauti ya mtangazaji ilikuwa ya kuaminika na picha zilikuwa tulivu, na baadhi ya watazamaji walipiga simu kuuliza namna ya kupanda mti huo. Mzaha huo uliweka wazi jambo ambalo wasanii wengine walilitumia baadaye: watazamaji walikuwa wamezoea kuamini namna ya kusema hata kabla ya kupima kinachosemwa. Woody Allen aliitumia mbinu hiyo katika Take the Money and Run ya mwaka 1969, na kwa ustadi zaidi katika Zelig ya mwaka 1983.

Mwaka 1984 Rob Reiner aliongoza This Is Spinal Tap, inayohusu bendi ya kubuni ya Waingereza wapiga muziki wa kelele. Guest alikuwa mmoja wa wabunifu na waigizaji wake wakuu, pamoja na Michael McKean na Harry Shearer. Baadhi ya watazamaji wa mwanzo walidhani bendi hiyo ipo. Ni muhimu kukumbuka kwamba waliochekwa humo walikuwa watu wenye majivuno na umaarufu, japo unaofifia. Mwanamuziki anayejikweza ni shabaha halali ya tashtiti tangu kale. Guest alipoigeuza kamera ile ile kuelekea kwa daktari wa meno wa Missouri, uhusiano wa nguvu kati ya anayecheka na anayechekwa ulibadilika, na swali la maadili likazuka.

Mji wa Blaine na mgeni wake

Blaine imejengwa juu ya kosa. Mwasisi wake, Blaine Fabin, aliwaambia wahamiaji kwamba amesikia harufu ya bahari na kwamba wamefika California. Mji huo unajivunia kuwa makao makuu ya dunia ya utengenezaji wa vigoda, na wakazi wanasimulia jinsi chombo cha viumbe wa anga kilivyotua kwao mwaka 1946. Mambo haya yote yanaingizwa katika mchezo uitwao Red, White and Blaine, unaofuata utaratibu ule ule wa maonyesho ya kihistoria yaliyotajwa hapo juu: kuasisiwa kwa mji, ziara ya Rais McKinley, fahari ya kiwanda, na muujiza.

Mwongozaji wa mchezo ni Corky St. Clair, anayeigizwa na Guest mwenyewe. Huyu aliwahi kujaribu bahati yake New York kabla ya kuhamia Blaine, ambako anaheshimiwa kama bingwa. Analiomba baraza la mji dola 100,000, ananyimwa, anasusa, kisha anabembelezwa arudi. Katika mazoezi anatangaza kwamba mtu mzito wa Broadway, Mort Guffman, atakuja kulitazama onyesho. Tangazo hilo ndilo kitovu cha kisa. Hadi hapo waigizaji walikuwa wakijiandaa kuwachezea majirani. Sasa wanamchezea mgeni, na kila mmoja anaanza kuiona maisha yake ya kila siku kuwa ni kungojea.

Jina la filamu linarejelea tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Januari 1953. Kama Godot, Guffman haji. Kiti alichowekewa ni kitupu mchezo unapoanza. Kisha mtu anakuja na kukikalia, na ukumbi mzima unachangamka. Baada ya onyesho inabainika kwamba mtu huyo amefika mjini kwa ajili ya mtoto mchanga wa mpwa wake, na kwamba Guffman amezuiwa New York na theluji. Beckett aliwaacha wangojeaji wake bila jibu. Guest anawapa jibu la kawaida kabisa, la hali ya hewa, na kwa hiyo lenye ukatili wa aina yake.

Mazungumzo katika filamu hayakuandikwa. Guest na Levy walitayarisha muhtasari wa kisa na sifa za wahusika, kisha waigizaji wakabuni maneno papo kwa papo mbele ya kamera. Zaidi ya saa 50 za picha zilipunguzwa kuwa filamu moja fupi. Utaratibu huu una athari mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja, mwigizaji anayelazimika kubuni maneno ya mhusika hana budi kumwamini. Ndiyo maana Parker Posey, katika nafasi ya Libby Mae, muuza aiskrimu, na Levy, katika nafasi ya Daktari Pearl, hawaonekani kuwadharau watu wanaowawakilisha. Kwa upande mwingine, uhariri huchagua yanayochekesha. Saa za upole hutupwa, sekunde za aibu hubaki.

Hadhira tatu

Filamu hii ina hadhira tatu. Ya kwanza ni wakazi wa Blaine. Hao wanafurahi bila kiasi. Wanawajua walio jukwaani, wanaijua hadithi, na wanaliona jina lao likiimbwa. Ya pili ni Guffman, hadhira ya mtu mmoja asiyekuwapo. Ya tatu ni mtazamaji wa sinema, anayesikia sauti zinazoteleza na kuziona ndoto zisizo na msingi. Huyu wa tatu ndiye pekee anayecheka kwa sababu ambazo waigizaji hawakuzikusudia.

Tofauti na ukumbi wa Theseus, hapa hakuna anayemwakilisha mcheka jukwaani. Mtayarishaji wa filamu ya hali halisi inayoigwa hasikiki akikebehi. Anauliza kwa adabu na kunyamaza. Bottom hana wa kumjibu, na Holofernes hana wa kumkaripia. Mtazamaji anakaa peke yake gizani na kiti kile kitupu. Akicheka kwa kuwa Blaine haifikii kipimo cha Broadway, amekikalia yeye. Akikikataa, itambidi aulize ni kwa kipimo gani mchezo uliowafurahisha wote waliokusudiwa unaitwa mbaya. Hapa ndipo hadhira inapogawanyika, na kila upande una ushahidi katika filamu yenyewe.

Suala hili linakuwa nyeti zaidi kuhusu Corky. Anamtaja mara kwa mara mkewe, Bonnie, na kumnunulia nguo, ingawa hakuna mkazi aliyewahi kumwona. Mtazamaji anaelewa upesi kwamba Corky ni shoga anayejificha, na wahakiki wengine wamemwona kuwa ni mfano uliochakaa wa dhihaka. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, inafaa kuzingatia kwamba Bonnie na Guffman ni ndugu wa kisanaa: wote wawili hawaonekani, na mji unakubali kuwaamini wote wawili bila kuhoji. Upofu ule ule unaowafanya wakazi wachekeshe ndio unaompa Corky mahali pa kuishi kwa amani. Mtazamaji anayejiona mwerevu kuliko wao hana budi kujiuliza kama werevu wake ungemfaa Corky kitu.

Dosari kubwa ya filamu iko kwingine. Blaine imepewa mdomo mmoja. Katika ukumbi wake hakuna mwenye wivu, mwenye deni, wala jamaa wa aliyenyimwa nafasi. Mji mdogo wa kweli haupigi makofi namna hiyo, na Lewis aliyajua hayo vizuri zaidi mwaka 1920. Kwa kuwafanya wakazi wote waridhike, Guest aliuhamishia mgawanyiko wote nje, kwa watazamaji wa sinema. Ni uamuzi uliompa kichekesho safi, lakini kwa gharama ya uhalisia.

Mwisho wa filamu unatia nguvu swali hili. Kamera inawarudia wahusika baada ya muda. Libby Mae anauza aiskrimu tena, safari hii Alabama. Wenye ofisi ya usafiri wako Los Angeles wakitafuta nafasi ndogo za kuigiza. Daktari Pearl anawaimbia wazee Miami. Corky amefungua duka New York. Wote wanazungumza kama watu waliofanikiwa. Guffman hakutoa hukumu yoyote, hivyo anayesema kwamba wameanguka ni mtazamaji mwenyewe.

Hitimisho

Filamu haikuleta fedha nyingi. Mapato yake katika kumbi za Marekani hayakufika dola milioni 3. Lakini imeendelea kutazamwa, na Guest aliirudia mbinu yake katika Best in Show mwaka 2000 na A Mighty Wind mwaka 2003. Nafasi yake katika historia ya futuhi inatokana na namna ilivyokamilisha safari ya hakimu: kutoka kiti cha mtawala, hadi nafsi ya jirani, hadi kiti kitupu kinachomngoja mtazamaji.

Kwa mhakiki wa Kenya, kiti hicho si kigeni. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakiwasahihisha waigizaji kuhusu lugha, nyimbo na historia waliyoiishi wenyewe. Hawakumwekea mgeni kiti. Hakimu alikuwa hadhira yenyewe. Serikali ilipoliondolea onyesho kibali mwezi wa Novemba mwaka huo, haikuwa kwa sababu waigizaji hawakujua kazi. Watu wa Blaine walichekwa na kuachwa waendelee. Wa Kamĩrĩĩthũ walikatazwa, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Jukwaa lisilomngoja Guffman linaweza kuogopwa kuliko linavyoweza kuchekwa, na hilo ni jambo ambalo historia ya maigizo ya ridhaa ingefaa kulipima pamoja na vichekesho vyake.